Kwa nini M-Pesa ilipokelewa haraka huku huduma nyingine za kidijitali zikikwama

MCHUUZI wa viazi katika soko la Wakulima jijini Nakuru huenda hajawahi kuketi mbele ya kompyuta maishani mwake, lakini hutuma pesa kwa simu ya rununu bila kumwomba mtu msaada. Hubonyeza, husoma arafa na kurejesha simu mfukoni kabla mteja anayefuata hajamaliza kuulizia bei.

Mchuuzi huyohuyo anapotakiwa kuwasilisha taarifa za ushuru au kujisajili kwa bima ya afya, hufunga kibanda na kumtafuta kijana wa saiba. Humkabidhi kitambulisho, humtajia nambari ya siri, humlipa, kisha huondoka bila kujua kilichoandikwa kwa jina lake.

Akili ni ileile na vidole ni vilevile. Kinachotofautiana ni sura ambayo huduma hizo mbili humwonyesha. Sura hiyo ndiyo wataalamu wa kompyuta huiita kiolesura: maneno yanayotokea kwenye skrini, mpangilio wake, idadi ya hatua za kufuata, na jibu ambalo mtambo humpa mtu anapokosea.

Mara nyingi watu wanapokataa teknolojia mpya, husemwa kuwa ni wagumu wa kubadilika au hawakusoma. Historia ya miaka 20 iliyopita nchini Kenya inaonyesha vingine. Watu walewale waliosemekana kuwa wagumu walikumbatia mojawapo ya mageuzi makubwa zaidi ya kifedha barani Afrika, kwa sababu mlango wake uliwekwa mahali walipoweza kuufikia.

Maswali mawili

Mwaka 1989, mtafiti Mmarekani Fred Davis alichapisha utafiti ambao hadi leo hutajwa kila suala hili linapojadiliwa. Alisema kuwa mtu anayekutana na teknolojia mpya hujiuliza maswali mawili, hata kama hayatamki. Je, itanifaa? Na je, nitaiweza?

Davis aligundua kuwa swali la kwanza ndilo lenye uzito zaidi. Mtu huvumilia ugumu ikiwa faida ni kubwa, lakini hakuna anayetumia kitu kisicho na faida kwa sababu tu ni rahisi. Hata hivyo, maswali hayo hayatengani. Faida isiyofikika haihesabiki kuwa faida, na chombo kinachomchosha mtu humfanya aone hata manufaa yake kuwa madogo.

Katika Bonde la Ufa ya Kati, faida ya kutuma pesa kwa njia ya haraka haikuhitaji mhubiri. Mashamba ya maua ya Naivasha yamejaa wafanyakazi waliotoka Magharibi, Nyanza na maeneo mengine ya mbali. Nakuru yenyewe, iliyopandishwa hadhi na kuwa jiji Desemba 1, 2021, ni mji wa wahamiaji tangu enzi ya reli. Karibu kila mshahara unaolipwa huko una mzazi, mke au ndugu anayeusubiri kwingineko.

Kabla ya 2007, pesa hizo zilisafiri katika bahasha aliyokabidhiwa dereva wa basi, katika mfuko wa jirani anayekwenda nyumbani, au kwa hawala ya posta. Bahasha iliweza kupotea. Jirani aliweza kukumbwa na shida zake njiani. Posta nayo ilimtaka mpokeaji kusafiri hadi mjini na kupanga foleni. Swali la kwanza la Davis lilikuwa limejibiwa zamani. Lililosalia ni la pili.

Walivyoacha wazo lao la kwanza

M-Pesa haikubuniwa ili kutuma pesa nyumbani. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, yakiendeshwa na Safaricom na kampuni ya Vodafone ya Uingereza kwa ushirikiano na shirika la mikopo midogo la Faulu, huku serikali ya Uingereza ikichangia gharama. Wateja wapatao 500 wa maeneo ya Nairobi na Thika walishirikishwa. Nia ilikuwa kuwawezesha kupokea na kulipa mikopo kwa simu.

Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo upande wa Vodafone, walieleza baadaye kuwa wateja hawakufuata njia waliyochorewa. Waligeuza huduma hiyo kuwa njia ya kutumiana pesa. Wengine waliwalipia wenzao mikopo ili kufidia kazi waliyofanyiwa. Wengine waliwatumia jamaa zao walio mbali.

Waundaji wangeweza kuwakemea wateja kwa kutumia mtambo vibaya. Badala yake waliuliza kwa nini, kisha wakaupunguza mtambo. Taratibu za mikopo ziliwekwa kando. Huduma ilipozinduliwa Machi 6, 2007, iliuliza mambo machache tu: kuweka pesa, kutuma, kutoa, na kununua muda wa maongezi. Hata tangazo lake la kwanza halikutaja teknolojia. Liliwaambia watu watume pesa nyumbani.

Huo ndio uamuzi wa kwanza wa kiolesura, na ulifanywa kabla ya skrini yoyote kuchorwa upya: kujua kazi ambayo mtu anataka kuifanya, na kumwondolea zile asizozitaka.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kuuweka mtambo wenyewe. Orodha ya M-Pesa iliwekwa ndani ya kadi ya simu. Haikuhitaji intaneti wala simu ya bei ghali. Hata rununu ya bei nafuu kabisa yenye skrini ndogo isiyo na rangi iliionyesha sawasawa, na mteja alihitaji tu kubadilishiwa kadi yake.

Uamuzi wa tatu ulihusu mpangilio wa hatua. Simu iliuliza jambo moja kwa wakati mmoja: nambari ya mpokeaji, kiasi, nambari ya siri, kisha uthibitisho. Tatu za mwanzo ni tarakimu tupu. Mtu asiyeweza kusoma aya moja ya gazeti huzijua tarakimu, kwa sababu anahesabu noti kila siku. Aidha, maelezo yalipatikana kwa Kiswahili. Katika kaunti ambako Mkikuyu, Mkalenjin, Mkisii, Mluo, Mluhya na Mmaasai hukutana sokoni kwa Kiswahili, jambo hilo halikuwa dogo.

Hatua hizo pia hazikuwa ngeni. Wateja walikuwa wamezoea kukwaruza kadi za muda wa maongezi na kuingiza mfululizo mrefu wa tarakimu. Wengi walikuwa wamezoea kumtumia mwenzao salio kwa huduma ya Sambaza. M-Pesa ilichukua ujuzi huo wa zamani na kuupa kazi mpya.

Sura ya mtu

Kiolesura hakikuishia kwenye simu. Mteja aliyetaka kuweka pesa alikwenda kwa wakala, kwa kawaida mwenye duka aliyemfahamu, penye rangi ya kijani iliyoonekana kutoka mbali. Alionyesha kitambulisho na kutia sahihi katika daftari. Bei zilibandikwa ukutani. Aliyebabaika alielekezwa na mtu aliyeongea naye kwa lugha yake, na kwa kawaida hakuhitaji kuelekezwa mara nyingi.

Kisha kulikuwa na arafa. Baada ya kila shughuli, simu ililia na kutaja kiasi, jina la mpokeaji, tarehe na salio lililobaki. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu noti mkononi, kutuma pesa asizoziona kunahitaji imani. Arafa hiyo ndiyo iliyokuwa risiti yake, na aliweza kumwonyesha yeyote aliyebisha.

Matokeo yanajulikana. Kabla ya mwaka 2007 kumalizika, huduma hiyo ilikuwa imepata zaidi ya wateja milioni 1. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016, katika jarida la Science, kuwa kuenea kwa pesa za simu kulikuwa kumeziondoa katika umaskini familia 194,000 nchini Kenya, yaani takriban asilimia 2 ya familia zote, na kwamba waliofaidi zaidi ni familia zinazoongozwa na wanawake.

Kosa linapokuwa la nani

Sura ya mtambo hupimwa hasa mtu anapokosea. Kwa miaka kadhaa M-Pesa ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ukikosea tarakimu moja, pesa zilikwenda kwa mtu usiyemjua, na jina lake ulilisoma kwenye arafa zikiwa zimekwisha kufika.

Waliopoteza pesa waliambiwa wawe waangalifu. Lakini binadamu anayeandika tarakimu 10 kwa kidole gumba akiwa ndani ya matatu ataikosea mojawapo siku moja, hata awe mwangalifu vipi. Mtaalamu wa Marekani Donald Norman, aliyeandika kuhusu ubunifu wa vyombo vya kila siku mwishoni mwa miaka ya 1980, alishikilia kuwa makosa yanayorudiwa na watu wengi ni ya aliyekiunda chombo wala si ya anayekitumia.

Mwaka 2015 Safaricom ilileta kipengele cha Hakikisha, ambacho humwonyesha mteja jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka na kumpa nafasi ya kusitisha. Baadaye ikawezekana kuomba kurudishiwa kwa kusambaza arafa ya shughuli hiyo kwa nambari 456. Teknolojia ya kutuma pesa haikuhitaji kubuniwa upya. Jina liliondolewa mwishoni na kuletwa mbele, na mteja akapata nafasi ya kujirekebisha.

Matapeli nao husoma violesura. Arafa ya uongo inayodai kuwa umetumiwa pesa kimakosa huigwa neno kwa neno kutoka kwa ile ya kweli, kwa kuwa wanajua watu wameiamini sura hiyo. Arafa halisi hutoka kwa jina MPESA wala si kwa nambari ya mtu, na salio halidanganyi. Anayepokea ombi la kurudisha pesa anapaswa kwanza kutazama salio lake.

Si sura pekee

Itakuwa makosa kudai kuwa ubunifu wa skrini ulitosha. Safaricom ilikuwa tayari na wateja wengi kuliko washindani wake, na iliwekeza sana katika mawakala.

Nchini Tanzania, Vodacom ilianza kutoa M-Pesa mwaka 2008. Huko mteja alipiga nambari fupi na kufungua orodha iliyotegemea muunganisho wa wakati huohuo. Muunganisho ukikatika, alianza upya. Huduma ilikua polepole zaidi kuliko Kenya katika miaka yake ya kwanza. Njia hiyo ya kuifikia ilikuwa tofauti moja, lakini mawakala walikuwa wachache pia, na nchi ni pana.

Afrika Kusini inafundisha zaidi. M-Pesa ilipelekwa huko mwaka 2010, ikazinduliwa upya 2014, na ikafungwa katikati ya 2016. Wengi wa waliolengwa walikuwa tayari na akaunti za benki na njia nyingine za kutuma pesa. Swali la kwanza la Davis lilijibiwa kwa hapana, na urahisi wa hatua haukuweza kulibatilisha.

Kenya yenyewe ina kumbukumbu yake. Mwaka 2014 serikali iliagiza matatu ziache kupokea nauli ya pesa taslimu na kutumia kadi. Kadi zilikuwapo, ikiwemo BebaPay iliyoletwa na Google na benki ya Equity. Abiria alitakiwa kununua kadi, kuitia pesa mapema, na kutumaini kuwa gari atakalopanda lina kifaa cha kuisoma. Utingo na dereva, ambao hujilipa na kununua mafuta kutokana na nauli ya siku, hawakuona faida yao. Makataa yaliahirishwa, na BebaPay ikazimwa mwaka 2015.

Miaka michache baadaye, hasa tangu janga la corona la 2020, abiria wengi walianza kulipa nauli kwa simu bila msukumo kama ule. Hawakununua kadi mpya. Walisoma nambari iliyobandikwa ndani ya gari na kufuata hatua walizozijua tangu 2007. Kukataliwa kwa kadi hakukuwa kukataa teknolojia.

Serikali kwenye skrini

Leo suala hili limehama kutoka kwa biashara hadi kwa haki za raia. Mteja asiyependa huduma ya kampuni anaweza kuiacha. Raia hawezi kuuacha ushuru, bima ya afya wala ruzuku ya mbolea.

Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 22.6 tu ya Wakenya wa umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 10.4 walitumia kompyuta. Idadi hizo zimebadilika tangu hapo, lakini ndizo zilizokuwapo huduma nyingi za serikali zilipokuwa zikihamishiwa mtandaoni.

Mfumo wa ushuru wa iTax ni mfano. Kwa miaka mingi, aliyetaka kuwasilisha taarifa kamili za mapato alitakiwa kupakua jedwali kwenye kompyuta, kulijaza, kulihakiki na kulipakia tena. Kazi hiyo haiwezekani kwa simu ndogo. Anayechelewa kupita Juni 30 hutozwa faini ya angalau Sh2,000. Haishangazi kuwa saiba za Nakuru, Molo na Naivasha zilipata msimu wa mavuno kila Juni. Baadaye Mamlaka ya Ushuru (KRA) ilileta njia fupi zaidi, ikiwemo programu ya simu.

Bima ya afya inagusa maisha moja kwa moja. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024. Kujisajili kunawezekana kwa kupiga *147# au kwa kutumia tovuti. Asiyeajiriwa rasmi huulizwa maswali kuhusu nyumba na hali yake ya maisha, na majibu hutumiwa kukadiria mapato yake. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya familia, na hauwezi kupungua Sh300 kwa mwezi.

Hapa ndipo sura ya mtambo inapogeuka kuwa pesa. Mkulima wa Kuresoi anayejibiwa maswali hayo na kijana wa saiba mwenye haraka anaweza kuandikiwa hali isiyo yake, na makadirio ya mchango wake yakapanda. Asipojua kuwa majibu hayo ndiyo yaliyoleta hesabu hiyo, hatajua hata pa kuanzia kulalamika.

Mbolea ya ruzuku nayo, ambayo bei yake ilishushwa kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, hupewa mkulima aliyesajiliwa, naye hutumiwa arafa kwenye nambari aliyoiandikisha. Kwa mwenye rununu yake mwenyewe, utaratibu huo ni mwepesi. Kwa mjane aliyeandikisha nambari ya mwanawe, haki yake hufika kwenye simu ya mtu mwingine. Msimu wa kupanda haumsubiri amtafute.

Bei ya mlango mbaya

Hasara ya kiolesura kibaya haionekani katika takwimu za serikali, kwa sababu kila aliyesajiliwa huhesabiwa kuwa ametumia huduma. Mtambo hauonyeshi kuwa aliyebonyeza hakuwa mwenyewe. Unaonyesha jina, nambari na tarehe, na wakubwa wanapongezana kwa ufanisi.

Lakini kila anayetoa nambari yake ya siri kwa mwingine hupoteza kinga iliyowekwa ili kumlinda. Kinga hiyo huvunjwa na watu waaminifu, kwa sababu waaminifu pia hawana njia nyingine. Haitoshi kuwaonya wananchi wasitoe siri zao huku wakiwekewa hatua wasizoweza kuzikamilisha peke yao.

Tiba haihitaji mitambo ya ajabu. Inahitaji waundaji kuketi sokoni kabla ya kuketi ofisini, na kumtazama mchuuzi akijaribu bila kumsaidia. Inahitaji Kiswahili sanifu kinachoeleweka, si tafsiri ya maneno ya ofisi. Inahitaji swali moja kwa wakati mmoja, jibu linaloweza kusahihishwa, na arafa inayomweleza mtu kilichoandikwa kwa jina lake. Na kwa mzee asiyeona maandishi madogo, inahitaji mtu: afisa wa Huduma Centre, chifu au wakala anayewajibika kisheria, badala ya mpita njia mwenye kompyuta.

Raia naye ana jambo la kufanya. Anaposaidiwa, ana haki ya kuomba asomewe kila jibu kabla halijatumwa, na kuiingiza nambari ya siri kwa mkono wake. Nambari ya simu inayoandikishwa iwe yake, hata kama rununu ni ya zamani.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huduma ambayo kila mwezi inahitaji kampeni, vitisho na makataa mapya ili watu wajiunge huenda haina upungufu wa watu wenye akili. Huenda inahitaji kurudishwa kwa waliouchora mlango wake, waupime upya kwa kimo cha wanaotakiwa kuupita.